Dakika Kumi na Tano

Mwaka 1997 nilifanya kazi katika ofisi ndogo mjini Nairobi, na mimi ndiye niliyeaminiwa mambo ya kompyuta. Sikuaminiwa kwa sababu ya elimu kubwa, bali kwa sababu wenzangu waliziogopa. Siku moja tulipaswa kupeleka bei zetu za kazi kwa barua pepe kwenye ofisi moja ya Kampala, na mwisho wa kupokea bei hizo ulikuwa saa sita mchana. Nilituma barua saa nne asubuhi, nikaketi kunywa chai. Kesho yake tukajibiwa kwamba barua yetu ilitumwa saa tatu usiku, na kwa hiyo haikufikiriwa.

Tulipiga simu, tukaeleza, tukabishana. Bwana aliyetujibu alikuwa muungwana, lakini alikuwa na karatasi mkononi na sisi tulikuwa na maneno matupu. Kazi ile tukaikosa.

Baada ya kuchunguza niligundua kosa, nalo lilikuwa langu. Kompyuta ile ilitoka kiwandani ikiwa imewekewa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambazo ziko saa 8 nyuma ya Greenwich. Nilipoipokea niliona tu kwamba saa yake haikulingana na saa yangu ya mkononi, nikaisogeza mpaka zikalingana, nikaridhika. Mahali palipoandikwa ukanda wa saa sikupagusa. Basi kompyuta ilionyesha saa nne asubuhi kama sisi sote, lakini moyoni iliamini kuwa ni saa nne asubuhi ya California. Barua ilipoondoka ilibeba mhuri wa 10:00, na kando yake alama ya kuonyesha saa 8 nyuma. Kompyuta ya Kampala ilifanya hesabu bila kukosea: 10 na 8 ni 18:00 za Greenwich, ongeza 3 za Afrika Mashariki, ni 21:00. Hiyo ndiyo saa tatu usiku.

Mkubwa wetu wa kazi hakunigombeza sana. Aliniuliza swali moja tu: "Mashine hii tunayo hapa mwaka mzima. Inakuwaje haijui kwamba iko Nairobi?" Sikuwa na jibu.

Desemba hiyo nilikwenda nyumbani Mombasa, na jioni moja barazani nikamsimulia baba kisa hicho. Baba alikuwa karani wa stesheni ya reli mpaka alipostaafu, na mtu wa reli hucheza na mambo yote lakini si na saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe si wa kwanza katika ukoo huu kufungiwa mlango na saa ya watu wengine."

Akanieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yeye akiwa mtoto wa miaka 12, babu alikuwa mchukuzi katika ghala moja la mjini. Babu hakuwa na saa. Aliamka kwa adhana ya alfajiri, akasali, akanywa uji, akatoka, na kila siku alifika kabla ya lango kufungwa. Usiku mmoja, mwishoni mwa Julai mwaka 1942, serikali ikasogeza saa mbele kwa dakika 15. Waliokuwa na saa za ukutani walizisogeza. Lakini mwadhini hufuata alfajiri ya Mwenyezi Mungu, na alfajiri haikusogezwa. Babu akatoka wakati ule ule wa siku zote, akakuta lango limefungwa. Ilikuwa Jumamosi. Alirudi nyumbani jua likiwa bado chini, na ujira wa siku ile ukapotea. Baba alisema hakuwa amewahi kumwona babu nyumbani siku ya kazi wakati kama ule, na alidhani amekuja kuwaambia kwamba kuna msiba.

"Tangu usiku ule," akamaliza, "saa zetu hazijaguswa tena."

Kisa hiki kiliniingia, na pamoja na swali la mkubwa wangu kikanifanya nitafute jinsi kompyuta inavyotambua saa za mahali ilipo. Nilidhani jibu litakuwa la ufundi. Kumbe lilikuwa la historia.

Zamani kila mji ulikuwa na saa yake, na haikumsumbua mtu. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii 1 kwa dakika 4. Mombasa na Kisumu zimeachana kwa digrii 5 hivi, kwa hiyo jua likifika utosini Mombasa, Kisumu inabaki kama dakika 20. Msafiri wa miguu hawezi kuiona tofauti hiyo, lakini garimoshi huiona. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Njia moja yenye ratiba moja haiwezi kuendeshwa kwa saa ya kila kijiji. Huko Ulaya na Marekani reli zilikuwa zimekwisha kuleta shida hiyo hiyo, na mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakakubaliana kwamba mstari wa kuhesabia uwe ule unaopita Greenwich, Uingereza. Kutoka kusini mwa Sahara ilikuwepo Liberia peke yake. Mkutano ule haukuzipangia nchi saa zao. Kila serikali ilibaki kuamua yenyewe, na kwa makoloni aliamua mtawala.

Ndiyo maana saa ya mahali haiwezi kupatikana kwa kupima jua wala kwa kutazama ramani. Ni amri. Ili uijue, sharti umpate aliyeitoa au umsome aliyeiandika.

Waliotengeneza kompyuta walichelewa kulitambua jambo hili. Mfumo wa Unix, uliozaliwa huko New Jersey kati ya 1969 na 1970, ulikuja kuhesabu wakati kwa njia nzuri: hesabu ya sekunde zilizopita tangu mwanzo wa Januari 1, 1970, kwa saa za Greenwich. Hesabu hiyo ni moja dunia nzima. Lakini mtu hataki kuambiwa sekunde, anataka kuambiwa saa. Katika matoleo ya mwanzo jawabu la swali hilo liliandikwa ndani ya programu yenyewe: saa 5 nyuma ya Greenwich, pamoja na desturi ya Wamarekani ya kusogeza saa wakati wa kiangazi. Mashine ilijua saa za mahali kwa sababu haikujua kwamba kuna mahali pengine.

Baadaye yakaja maandishi mafupi ambayo mwenye mashine aliyaweka mwenyewe. Mtu wa New York aliandika herufi za jina la saa zake na tarakimu 5. Mtu wa Afrika Mashariki alipaswa kuandika EAT-3, yaani na alama ya kutoa, ingawa sisi tuko mbele ya Greenwich. Utaratibu ule ulihesabu magharibi kuwa kujumlisha na mashariki kuwa kutoa. Nilipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji.

Mabadiliko makubwa yalikuja katikati ya miaka ya 1980. Mmarekani mmoja, Arthur David Olson, aliyekuwa mtumishi wa taasisi za afya za serikali ya nchi yake, alianza kuziondoa kanuni za saa ndani ya programu na kuziweka katika majedwali ya kando, ambayo mtu yeyote angeweza kuyasahihisha. Watu wa nchi mbalimbali wakamletea habari za kwao. Mwaka 1993 mwenzake Paul Eggert alileta utaratibu wa kuita kanda kwa jina la bara na mji, kwa kuwa nchi hugawanyika na kubadili majina, lakini mji hukaa. Ndipo lilipopatikana jina ambalo mamilioni ya mashine zetu hulibeba hadi leo: Africa/Nairobi. Kongo, nchi moja, ina miji miwili humo, Kinshasa na Lubumbashi, kwa sababu saa zao hazilingani.

Tangu hapo, programu inayotaka kujua saa za mahali hufanya kazi ya mpelelezi. Kwanza hutazama kama mwenye mashine ameandika jina la ukanda wazi. Asipoandika, hutafuta faili moja ambalo mfumo wote hulifuata. Faili hilo likiwa ni kiungo tu, hufuata kiungo mpaka kwenye jina la mji. Lakini mara nyingine ni nakala isiyo na jina, na hapo programu nyingine hulichukua na kulilinganisha na kila faili la ghala, mji baada ya mji, mpaka lipatikane linalofanana nalo. Na kwa kuwa miji inayofuata saa moja inaweza kuwa na mafaili yasiyotofautiana hata kwa herufi moja, aliyechagua Dar es Salaam anaweza kujibiwa jina la mji mwingine kabisa.

Ona basi, msomaji, kwamba katika hatua hizo zote hakuna hata moja ambayo mashine imetazama nje ya dirisha. Hatimaye huishia kwa mtu aliyechagua jina katika orodha siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo mwaka 1997, nami sikuchagua.

Mwaka 1999 nilijifunza kwamba majedwali yale hayana saa za leo tu, bali pia historia ya kila mji, na kuna programu ndogo inayoichapa. Mara moja nikamkumbuka baba. Nikaiagiza ichape habari za Nairobi. Ilisema kwamba mpaka katikati ya 1928 mji ulifuata jua lake lenyewe, saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Halafu zikaja saa 3 kamili, na mwaka 1930 zikarudishwa kuwa saa 2 na nusu. Mwaka 1940 zikawa saa 2 na dakika 45, na mwaka 1960 zikawa saa 3, mpaka leo. Mwaka 1942 haukuwemo.

Nilikwenda Mombasa na karatasi yangu. Sasa nikiyakumbuka maneno niliyoyasema naona haya. Nilimwambia baba, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mtoto, kwamba pengine ilikuwa 1940, kwamba yeye alikuwa mdogo, na kwamba umri huchanganya miaka. Zaidi ya hayo, saa ziliguswa tena mwaka 1960, hapa imeandikwa.

Alivaa miwani, akaisoma karatasi kwa utaratibu kama alivyozoea kusoma hati za mizigo. "Mwaka 1940 nilikuwa na miaka 10," akasema. "Labda ningesahau. Lakini mwaka 1960 nilikuwa na miaka 30, nami nilikuwa stesheni. Nani aliyesogeza saa ya stesheni mimi nisimwone?"

Hoja ile ilitosha kumnyamazisha mtu mwenye akili. Mimi nilijibu kwamba kompyuta imeandika hivyo. Baba akaikunja karatasi akanirudishia. Hakukasirika. Lakini kisa cha babu hakukitaja tena mbele yangu, na mwaka 2009 akafariki dunia.

Miaka miwili baadaye niliisoma habari iliyonishtua. Mwishoni mwa Septemba 2011 kampuni moja ya Marekani inayouza programu za unajimu iliwashtaki Olson na Eggert. Ilidai kwamba sehemu za kale za majedwali yao zilitoka katika atlasi ya Thomas G. Shanks, na kwamba haki za atlasi hiyo ni zake. Kazi ile ilisimama kwa muda, na Oktoba ikachukuliwa na shirika la kimataifa linalosimamia majina ya intaneti, ICANN. Mwezi wa Februari 2012 kesi ikaondolewa.

Kilichonishtua si kesi, ni kuwaona wanajimu humo. Mnajimu anahitaji kujua mtu alizaliwa saa ngapi hasa, hivyo watu hao walikuwa wamekusanya historia ya saa za dunia kabla ya wataalamu wa kompyuta kuwa na haja nayo. Habari nyingi za kale za Afrika zilitoka huko. Watunzaji wenyewe walikuwa wameandika wazi katika mafaili kwamba habari za kabla ya 1970 si za kutegemewa sana. Onyo hilo lilikuwepo siku zote, katika faili lile lile nililolitumia kumshinda baba. Sikulisoma. Nilisoma tarakimu.

Tarehe 22 Desemba 2020 lilitolewa toleo jipya la majedwali. Mchangiaji mmoja alikuwa amekwenda kwenye magazeti rasmi ya serikali za kikoloni, akasoma sheria zenyewe, na makosa mengi ya kale yakasahihishwa. Kenya ilikuwa katika orodha. Niliichapa tena historia ya Nairobi, safari hii mikono yangu ikiwa si imara sana. Saa 2 na nusu zilianza Mei 1908. Juni 30, 1928, usiku wa manane, zikawa saa 3. Januari 4, 1930 zikarudi saa 2 na nusu. Desemba 31, 1936 zikawa saa 2 na dakika 45. Halafu mstari wa mwisho: Julai 31, 1942, usiku wa manane, saa 3 kamili.

Mwaka 1960 haukuwemo tena.

Nilitafuta kalenda. Julai 31, 1942 ilikuwa Ijumaa. Babu alikuta lango limefungwa asubuhi ya Jumamosi.

Leo kazi ya kutambua saa za mahali imekuwa nyepesi machoni. Mwaka 1995, lugha ya programu za kurasa za intaneti ilipoanza, ukurasa uliweza kuuliza kompyuta yako iko dakika ngapi kutoka Greenwich, na ya kwetu hujibu -180, kwa alama ile ile ya kinyume. Lakini kutokana na tarakimu hiyo hakuna ajuaye kama mtu yuko Nairobi, Riyadh, Baghdad au Moscow, na Moscow yenyewe imebadili saa zake mwaka 2011 na tena mwaka 2014. Siku hizi ukurasa unaweza kuuliza jina la mji. Simu nayo huambiwa saa na mnara wa mtandao, na mtu aliye Rusumo upande wa Tanzania, simu yake ikinasa mnara wa Rwanda, anaweza kurudishwa nyuma saa nzima akiwa amekaa kitini. Bado ni kuuliza. Zamani iliuliza aliyeiweka mezani, sasa inauliza mnara.

Kuna saa moja ambayo orodha hiyo yote haina, nayo ni ile tunayoisema vinywani mwetu. Kompyuta ikiandika 9:00, sisi tunasema saa tatu, kwa kuwa tumeanza kuhesabu jua lilipochomoza. Hiyo si kanda nyingine, ni namna nyingine ya kuhesabu, na iko karibu zaidi na adhana ya babu kuliko na amri ya 1942. Sijakutana na programu iliyoitambua bila kuambiwa.

Nimeandika programu nyingi ndogo tangu siku za ile barua ya Kampala, na nimejiwekea kanuni mbili. Programu ikishakisia mahali, imwonyeshe mtu ilichokisia na kumwuliza kama ni kweli. Na tarehe za kale nisizigeuze bila kuhifadhi maneno yalivyoandikwa mwanzo, maana jedwali linaweza kusahihishwa kesho, lakini aliyeyasema huenda asiwepo.

Mwaka 2021 nilikwenda Mombasa kumwona shangazi yangu, dada mdogo wa baba. Nikamsomea mstari ule wa mwisho, tarehe, mwezi na mwaka, nikamweleza jinsi kosa lilivyogunduliwa na jinsi magazeti ya serikali yalivyofunguliwa. Nilitarajia afurahi. Alinitazama kwa muda, akauliza, "Kwani wewe miaka yote hiyo ulikuwa hujamsadiki?"